Pikapu ya Babu Chuai Asubuhi ya Kuvuta Sanamu

— Usiguse huo mwekundu.

— Kwa nini nisiuguse? Ndio wenye tatizo.

— Tatizo unalo wewe, Redio. Mwekundu unatoka kwenye betri. Huo ukigusa bodi, tunalichoma gari na Buddha akiwa juu.

— Mwalimu, wewe umeme uliufundisha ubaoni. Mimi nyaya nimezimenya kwa meno.

— Ndiyo maana umebaki nayo manne.

Walikuwa hivyo tangu saa kumi na mbili na nusu, wakitoka na kurudi kwenye benchi la mbele ya kibanda cha kahawa cha shangazi yangu, mkabala na lango la hekalu. Redio jina lake Dam, alitengeneza redio mpaka watu wakaacha kutengeneza redio. Mwalimu ni Sanoe, mstaafu wa sayansi. Kila asubuhi wanakunywa kahawa nyeusi yenye maziwa mazito chini, wanagombana, wanakwenda nyumbani. Lakini asubuhi hiyo ya sikukuu ya Kuvuta Sanamu, hatua tano kutoka benchini, ilisimama pikapu ya bluu ya babu yangu, Chuai, ya mwaka sabini na nne. Juu yake ilikwisha kujengwa mashua ya mbao na karatasi za dhahabu, majoka mawili yametangulia mbele, na sanamu ya Buddha ilikwisha kupandishwa. Saa mbili kamili ilitakiwa kutoka kwenda wilayani, kukutana na mashua za mahekalu mengine. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini, na injini ya pikapu ilikuwa ikiwaka na kuzima.

Babu ameendesha sanamu miaka thelathini na moja. Mwaka uliopita pikapu ilizima mara mbili njiani, na kamati ya hekalu ikakaa kikao. Ikigoma tena, walisema, mashua itahamishiwa kwenye pikapu mpya ya mkuu wa kata, na Mzee Chuai atapumzika. Hilo ndilo neno walilotumia, kupumzika. Pikapu ya mkuu ilikuwa tayari imeegeshwa ukutani, ya rangi ya fedha, na wanaume wanane wamekaa pembeni yake wakisubiri na kamba ya kuhamishia mashua.

Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango wa abiria. Waliniweka huko kwa sababu mikono yangu ni myembamba. Nilishika balbu ya kupimia, ile yenye nyaya mbili, mmoja umebanwa kwenye bodi na mwingine ndio wa kugusia.

— Taeng, Mwalimu akaniita, gusa mwekundu. Inawaka?

— Inawaka.

— Ufunguo umezimwa?

— Umezimwa.

— Vizuri. Umeme unafika kwenye swichi. Sasa gusa ule mweusi wenye mstari mweupe, unaokwenda kwenye koili. Mzee Chuai, geuza.

Babu akakusanya medali zake kiganjani na kugeuza. Kila mwaka baada ya safari, abate, mkuu wa watawa wa hekalu, humpa dereva wa sanamu medali moja ya shaba, na Babu huitia kwenye pete ya ufunguo. Zilikuwa fungu kubwa kama embe.

— Inawaka, nikasema.

Stata ikazunguka. Injini ikakohoa, ikashika. Benchini vikombe vikanyanyuliwa. Babu akaachia ufunguo ili ashike usukani. Balbu yangu ikazima, na injini ikazima.

— Imezima, nikasema.

— Tumesikia, alisema Redio.

Tulirudia mara nne. Mara nne iliwaka, mara nne ilizima.

— Inazima Babu akiachia, nikasema.

— Panya, alisema Redio. Katafuna waya kwa ndani. Kwa nje unauona mzima, kwa ndani mtupu.

— Panya gani anatafuna kwa ndani bila kupita nje? Mwalimu akauliza. Hii ni kutu. Mwaka jana abate alinyunyiza maji ya baraka mpaka kwenye dashibodi. Niliyaona kwa macho yangu yakiingia kwenye tundu la ufunguo.

— Kwa hiyo baraka ndiyo imeharibu gari.

— Sikusema baraka. Nimesema maji.

— Yaseme hayo mbele ya abate.

— Inazima Babu akiachia, nikasema tena. Akiwa ameshika haizimi.

— Taeng, tulia kwanza, wakubwa wanafikiri.

Babu aliishika kofia yake mapajani, akautazama uzi wa maua ulioning'inia kwenye kioo kwa ajili ya roho mlinzi wa gari.

— Mama wa Gari amesusa, akasema. Nimempa soda ya chungwa. Siku zote nampa nyekundu.

— Kwa nini ukampa ya chungwa?

— Dukani nyekundu zilikwisha. Siku ya sanamu kila mtu ananunua nyekundu.

Shangazi akatoka na soda nyekundu moja aliyokuwa amejiwekea mwenyewe. Akaifungua, akatia mrija, akaiweka juu ya boneti. Babu akaunganisha viganja, akainama, akageuza ufunguo. Injini ikashika. Akaachia. Ikazima.

— Basi siyo soda, alisema Mwalimu.

— Huenda hajaimaliza, alisema Redio. Halafu akashusha sauti na kutazama ukutani, kwenye ile pikapu ya fedha, akasema: Mimi nitawaambia kitu, ila kisitoke hapa. Hii pikapu ililala wapi jana?

— Hapahapa.

— Na mkuu wa kata anakaa wapi?

— Redio.

— Nauliza tu anakaa wapi.

— Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, na wewe unakaa ya pili. Kwa hesabu hiyo aliyekata waya ni wewe.

— Hakuna waya uliokatwa, nikasema kutoka chini. Nimezigusa zote.

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika ishirini. Ndani ya hekalu ngoma ilianza kupigwa taratibu, na wale wanaume wanane wakasimama wakajipangusa suruali.

— Nipeni waya mmoja wa mkono mzima, alisema Redio. Naunga mwekundu na huo wa koili, swichi tunaiweka kando. Stata naishtua kwa bisibisi. Dakika mbili.

— Bila ufunguo? Babu akauliza.

— Bila ufunguo.

— Kama wezi.

— Kama mafundi.

— Redio, nimebebeshwa Buddha, sijabebeshwa mbao za magendo. Siwezi kumpitisha mbele ya wilaya nzima kwenye gari lililowashwa kama limeibwa.

— Kwani nani atajua?

Babu akanyanyua kidole taratibu, akaelekeza juu ya paa, sanamu ilipokaa. Redio akarudi benchini akakaa. Akapeleka kikombe mdomoni, akakuta hakina kitu.

— Kahawa, Shangazi.

— Imekwisha. Mmeimaliza kwa panya na kutu.

Ndipo akafika Bibi Ueang, mgema wa utomvu wa mpira kutoka ng'ambo ya mto, na kikapu cha tom, ule wali wa kunata wa siku ya sanamu, uliofungwa pembetatu kwenye majani. Bibi Ueang na Babu hawapatani sana. Kila mwaka analalamika kwamba moshi wa pikapu unamchafulia tom zake kabla watu hawajazitundika kwenye mashua. Alisimama akamtazama Babu akijaribu mara nyingine, akiwasha, akiachia, ikizima. Akatua kikapu.

— Huo ufunguo una uzito gani?

Redio akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Babu.

— Ni ufunguo, Babu akasema.

— Nimeuona. Una uzito gani?

Shangazi akaleta mizani yake ya sukari. Babu alisita, kisha akauchomoa akauweka juu ya sahani kwa mikono miwili. Sote tuliinama. Gramu mia saba na ishirini.

— Kwenye mlango wa banda langu la kuku nilitundika kufuli la chuma, alisema Bibi Ueang. Mwaka mmoja tu bawaba ikalegea. Nyinyi mmetundika mzigo huu kwenye kitundu miaka mingapi?

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

— Ndani ya swichi pamelegea, akasema polepole. Akishika, ufunguo unakaa mahali pake. Akiachia, medali zinauvuta chini, unarudi nyuma kidogo, umeme unakatika.

— Ndicho nilichokuwa nasema, alisema Redio.

— Wewe ulisema panya.

— Ni mimi niliyesema, nikasema.

— Sasa zitolewe, alisema Mwalimu. Abaki na ufunguo mtupu, twende.

Babu aliuchukua ufunguo wake kutoka kwenye mizani. Pete ilikuwa imechomelewa. Aliipeleka kwa fundi mwaka jana, siku chache baada ya safari, medali moja ilipodondoka sokoni na kutafutwa siku mbili.

— Ninao msumeno wa chuma nyumbani, alisema Redio.

— Ukikata, kaendeshe wewe.

— Mzee Chuai, ni pete tu.

— Hii ni ya abate aliyeniozesha, Babu akasema akiitenga moja kwa ukucha. Hii ni ya mwaka wa mafuriko, maji yalifika hapa mlangoni na tulikwenda. Hii ni ya mwaka aliokufa bibi yake Taeng. Mnataka nizitupe kwenye kopo la misumari asubuhi ya leo, dakika chache kabla ya safari?

Ngoma ikaongeza kasi. Mkuu wa kata mwenyewe alitoka langoni, shati jeupe limepigwa pasi, akawapungia wale wanane, nao wakaanza kuja na kamba. Babu aliwaona. Alirudisha ufunguo kwenye tundu, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, na hakugeuza.

— Taeng, toka humo chini, alisema Bibi Ueang.

Nilitoka, bado nimeshika balbu. Alipanda kiti cha abiria na kikapu chake, akakiweka miguuni, akanyoosha mkono akakinga kiganja chini ya medali na kuzibeba zote.

— Washa.

Babu akageuza. Injini ikashika. Akaachia ufunguo, akashika usukani, akasubiri, na sisi tukasubiri naye. Mashua ilitetemeka juu, karatasi za dhahabu zikapiga kelele ndogo. Niliinama nikagusa waya wa koili. Balbu iliwaka ikakaa.

Wale wanane walisimama katikati ya barabara na kamba yao.

— Ni kilomita kumi na nne, Ueang, Babu akasema bila kumtazama. Tena mwendo wa miguu. Mkono utakufa ganzi.

Bibi Ueang aliuvuta mlango kwa mkono uliobaki, ukagoma mara ya kwanza, akauvuta tena.

— Ninao wa pili, akasema. Endesha.