Mama Mizani, Mshauri wa Familia za Kambini

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wageni wetu mliovaa sare, familia imenituma mimi, kaka wa marehemu, nisome maisha yake, na naomba nisikilizwe mpaka mwisho, maana tangu asubuhi kuna watu wanaotushauri tufupishe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 katika hospitali ya wilaya, kitinda mimba wa fundi cherehani na muuguzi, na tangu utotoni hakuwa mtu wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, ukimwambia sukari imeisha anakwenda kufunua kopo mwenyewe. Alimaliza sekondari mwaka 2002, akasomea ustawi wa jamii, akahitimu mwaka 2007.

Mwaka 2008 aliajiriwa kambini, kwenye ofisi ya kusaidia familia za wanajeshi ambamo wake au watoto wanapigwa, na huko alikuta utaratibu uliomkosesha raha, kwamba mke akija kulalamika, kwanza apigiwe simu mkuu wa mumewe, basi mama wa watu akirudi nyumbani anamkuta mume ameshajua kila kitu na yuko mlangoni anamngoja. Marehemu hakubishana na mtu, alibeba kiti chake akahamia kliniki, kando ya mizani ya watoto, mahali ambapo hakuna mume anayeuliza mkewe amefuata nini, na wanawake wakawa wanamnong'oneza huku mtoto ananing'inia, ndipo wakambandika jina la Mama Mizani. Akiambiwa mtoto ameungua na chai, aliuliza chai hiyo ilikuwa mezani au mkononi mwa nani, na wapo watoto walio hai leo kwa sababu ya swali hilo.

Tarehe 14 Agosti 2010 alifunga ndoa na sajini wa kambi hiyohiyo, ambaye amekaa hapa mbele, na mwaka 2015 wakajaliwa binti. Shemeji tulimpenda, tusiseme uongo, alikuwa mcheshi na mwepesi wa kumpokea mama mizigo, lakini miaka hii ya karibuni dada alikuwa anakuja kwetu amevaa nguo za mikono mirefu kwenye joto kali, akiulizwa anacheka, anasema jamani, mnataka kuninyang'anya kazi yangu? Mama peke yake hakucheka.

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, alipiga moyo konde, akamweleza mwenzake wa ofisini yanayomkuta, maana ofisi ya kukimbilia ilikuwa hiyohiyo yake, na mwenzake, kwa nia njema, anavyosema mwenyewe, akafuata utaratibu, akapiga simu.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuwa mgonjwa. Jumanne asubuhi tuliambiwa ameteleza bafuni, mchana wakaja askari wawili wakasema ameanguka ngazini, na nyumba zile za kambini, mliofika mnazijua, hazina ghorofa wala ngazi, hata moja. Alifariki jioni hiyo hospitalini. Tumeshauriwa tuseme ni ajali, lakini daktari aliyempokea amewaeleza polisi aliyoyaona, na sisi mbele ya jeneza hatumtaji mtu, tunauliza tu ameanguka wapi.

Marehemu ameacha mume, mama mzazi, kaka wawili na binti wa miaka kumi, ambaye tangu msiba huu akisikia buti mlangoni anajificha nyuma ya kabati la bibi yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, wafanyakazi wenzake waliofika kulia nasi, na hasa yule jirani wa ukuta mmoja, aliyemtoa mtoto kwa mlango wa nyuma bila kuombwa na mtu, Mungu akuzidishie.

Shemeji, gari lako tumeliona limeshageuzwa kuelekea barabarani na begi la mtoto limo ndani, begi tumelitoa, ofisa wa ustawi wa jamii yuko pale amekaa na bibi ya mtoto, na tunayasema haya mbele ya mkuu wako na watu wote hawa ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Pumzika kwa amani, dada yetu, mwanao haondoki hapa.