Misa ya Papa Kizito

Tulipotoka Luvungi, mama aliyekaa mbele yangu ndani ya bisi alimweleza jirani yake wa kiti kwamba anakwenda Uvira kuonana mara ya kwanza na watu wa grupe yake ya WhatsApp, wanaoulizana kila asubuhi kama njia ni salama. "Kila muntu anaandika 'Niko'. Siku tatu bila 'Niko', tunajua vita imemubeba. Leo tunaanza na misa ya marehemu Papa Kizito wa Luvungi."

Jirani alivua kofia, akajigusa kifua. "Mama, Kizito ni minye. Benye bunduki walibeba telefone yangu."

Mama alimbonyeza mkono, kisha bega, kama anayechagua nyanya sokoni. Alipohakikisha ni mtu mzima, akafoka: "Miezi mbili! Ulikosa telefone ya kuazima?"

"Namba zenu zote zilikuwa mule. Na siku tatu ni kidogo! Muntu anaweza kufichama mu pori wiki nzima."

"Iyo sheria uliandika weye mwenyewe, papa!"

Hapo mimi nilimuunga mkono mama, kimoyomoyo. Walibishana hadi Mulongwe, mjini Uvira, bisi iliposimama karibu na kanisa. Mama akajifuta machozi kwa kitenge.

"Weye ungoje inje kwanza," alisema. "Mama Noella wa grupe iko na presha."