Mama Huguette, Aliyepika Miaka Ishirini Bila Kujua Ladha

Mama Huguette Chavassieux, tunayemsindikiza leo, alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1938 kijijini Chalamont, binti wa pili wa mfuga kuku Bwana Firmin Berthillot na mkewe Clotilde. Dada yake mkubwa, Suzanne, ndiye mama yangu mzazi. Mimi ni Blaise, mpwa wake, niliyehudumia meza zake miaka ishirini na sita.

Alisoma shule ya kijiji na kupata cheti mwaka 1952. Mwalimu wake aliandika kwamba mtoto ana akili, ila hakai kitini. Vuli ile ile alipanda treni kuja hapa Lyon kuosha sufuria katika mgahawa wa Mama Péchoux, na ndiko alikojifunza kupika.

Tarehe 6 Juni 1959 alifunga ndoa na Bwana Léonce, mfumaji hariri, katika kanisa la Saint-Polycarpe. Mungu aliwajalia Josiane na Mireille. Mwaka 1964 wakafungua mgahawa wao wa meza tisa kwenye mteremko wa Croix-Rousse. Waigizaji walikuja kutoka jukwaani na rangi bado usoni, wakabanana na wauza samaki na mahakimu, wote wakingoja utumbo wa kukaanga na kuku wa krimu. Aliyeomba meza ya peke yake aliambiwa, “Ya peke yako iko kwako nyumbani, mpenzi. Sogea.”

Tarehe 14 Novemba 1987 aliteleza kwenye ngazi za stoo ya divai akagonga kisogo. Jeraha lilipona, lakini harufu zote zilitoweka, na ladha zikaondoka nazo. Daktari alisema hazitarudi. Kwa mpishi, hiyo ilikuwa hukumu.

Hakumwambia mtu ila mumewe. Alipika kwa masikio, akijua siagi inavyonyamaza ikiwa tayari. Alipika kwa vidole, akibonyeza kuku kama anayepapasa shavu la mtoto. Kila jioni kabla ya kufungua, Baba mdogo Léonce aliingia jikoni kuonja. Sisi tulidhani ni ulafi, tukamtania. Hata binti zao hawakujua.

Baba mdogo Léonce alifariki tarehe 3 Februari 1999. Mgahawa ulifungwa siku kumi na tatu, ukafunguliwa Jumanne ya tarehe 16. Jioni hiyo meza zote zilijaa, na chakula hakikutoka. Nilipoingia jikoni nilimkuta Mama mdogo amesimama mbele ya mchuzi, mwiko mkononi.

“Mama mdogo, watu wanasubiri.”

“Blaise, sijui nimepika nini.”

Kabla sijaelewa, alinipita akaingia ukumbini na mwiko wake. Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Anthelme Giraudier, mchinjaji mstaafu, aliyekuwa akikosoa kila sahani tangu mgahawa ulipofunguliwa mwaka 1964.

“Wewe mzee, una mdomo mbaya kuliko wote humu. Onja.”

“Kwani wewe huna ulimi?”

“Sina. Miaka kumi na moja sasa. Léonce ndiye alikuwa ulimi wangu.”

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama.

“Miaka kumi na moja hujui ladha,” Bwana Giraudier alisema polepole, “na mimi nakula hapa kila Jumanne?”

“Na unalalamika kila Jumanne.”

Akaonja. Akafumba macho.

“Siki kidogo,” alisema. “Kidogo tu, Huguette. Mengine usiguse.” Kisha akainuka, akavua kofia yake. Ukumbi mzima ukainuka.

Kuanzia hapo, kila jioni mteja mmoja aliitwa jikoni kuonja. Watu walitoka Grenoble na Marseille kuomba zamu. Nimewaona mahakimu wakiingia kwa mbwembwe na kutoka wakifuta machozi. Alipika hivyo hadi mwaka 2008, alipomkabidhi Josiane jiko akiwa na miaka sabini. Nilikuwa pale, na hadi leo sijui aliwezaje.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2019. Alikataa kuhama chumba chake juu ya mgahawa, akauguzwa na Mireille kwa upole mkubwa. Alifariki Ijumaa tarehe 21 Januari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Siku mbili kabla, Josiane alimuuliza kama wafunge mgahawa siku ya mazishi.

“Ufunge kwa nini?” alijibu. “Watu watatoka makaburini na baridi hii. Wapikie.”

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja na mpwa. Josiane hayupo hapa kaburini nasi, na msimshangae: yuko jikoni tangu alfajiri. Tukishamfukia Mama, twendeni tukale.

Mungu ampokee, na alale salama.