Kabla Sijakivuta Kitambaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Bwana Mkurugenzi wa Jumba letu la Makumbusho. Wajumbe wa Bodi. Wafanyakazi wenzangu wa karakana, wa tiketi na wa usafi. Ndugu wageni waalikwa. Mke wangu, ambaye asubuhi hii alinifunga tai akaniambia, "Baba, leo usiseme mengi". Na wewe dada yangu, mkunga mstaafu, uliyekalishwa safu ya mbele kabisa, mkabala na meza hii iliyofunikwa kitambaa chekundu. Itifaki inataka nikutaje mwisho, na mwisho nimekutaja. Lakini ninayezungumza naye leo ni wewe. Wakubwa na wageni wengine watanisamehe, watasikiliza kama majirani wanavyosikiliza ya nyumba ya pili.

Ratiba mliyopewa inasema fundi atatoa shukrani, kisha fundi atakivuta kitambaa, kisha makofi. Nimesisitiza kusema yote kabla ya kuvuta, nao wamekubali bila kuuliza, maana mzee anayeagwa hanyimwi kitu siku yake.

Kwa wale msionijua, mimi ndiye watoto wa shule wanayemwita Babu Treni. Kazi yangu katika jumba hili imekuwa moja tu: kuzitafuta treni za kuchezea za bati, zile za enzi za wazazi na babu zetu, zinazotembea kwa springi na ufunguo, na kuzitengeneza. Nimezitoa kwenye dari za watu, kwenye masanduku ya nguo za marehemu, na moja niliikuta inazuia mlango wa bafu usijifunge. Nasema kuzitengeneza, sisemi kuzifanya mpya. Hayo ni mambo mawili, na nimeyaeleza katika jumba hili mpaka koo likakauka. Unatoa kutu, unaacha rangi. Unanyoosha ekseli, lakini mbonyeo wa mlangoni unauacha, kwa sababu mbonyeo ule ni siku fulani, ngazi fulani, na mtoto fulani aliyelia. Treni isiyo na mkwaruzo ni treni ambayo haikupata mtu wa kuipenda. Je, kuna haja gani ya kujenga jumba zima ili tuonyeshe vitu visivyopendwa?

Dada, wageni hawa hawajui ulivyoingia karakana kwangu, kwa hiyo niruhusu niwaambie.

Ilikuwa siku ya mvua. Ulikuja na kitu umekiviringisha ndani ya mtandio, ukakiweka juu ya benchi langu taratibu, nikadhani umeleta mtoto mchanga, maana kwa kazi yako ungeweza. Kumbe ilikuwa treni. Kichwa cha treni cha kijani, na behewa moja nyuma yake.

"Fundi," ukasema, "haitembei."

"Haijatembea tangu lini?"

"Tangu kaka yangu alipofariki. Sijathubutu kuitia ufunguo."

Ukanieleza. Kaka yako alikuwa mtoto wa kitandani, miguu haikumbeba hata siku moja. Wenzake walicheza nje, yeye dunia yake ilikuwa sinia la chai lililowekwa juu ya shuka. Aliishika treni paani kwa dole gumba la kushoto ili isimponyoke, mkono wa kulia ukizungusha ufunguo, na wewe ulikaa upande wa pili wa sinia. Kabla ya kuiachia alikuwa anasema neno moja: "Pokea!" Nawe unapokea, unaigeuza, unamrudishia. Kutwa nzima. Mpaka mama yenu anakuja kudai sinia lake, chai imepoa.

Pale dole lake lilipokuwa likishika, rangi ilikuwa imelika mpaka bati likaonekana. Alama ndogo, ya mviringo, laini kama ndani ya kijiko. Ukaweka dole lako pale, likazidi kila upande. Ukacheka, ukaniambia, "Ona, mimi nimekuwa bibi mwenye wajukuu, dole lake bado la mtoto." Nilijifanya natafuta bisibisi.

Hukutupatia treni ile iwe yetu; ndugu wageni, sikilizeni vizuri hapo. Alituazima. Sharti lake lilikuwa nitengeneze springi, treni itembee hapa leo mbele ya watu siku ya kuniaga, kisha arudi nayo nyumbani. Akaniuliza, "Hawataisafisha ikapoteza alama?" Nikamjibu, "Dada, mimi nikiwa hai hakuna atakayeligusa paa hilo."

Nikiwa hai. Na mnaniona hapa, niko hai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa nikushukuru wewe. Huenda hukumbuki. Ulipita ukumbini siku moja, simu sikioni, ukasimama mbele ya kabati la vioo ukasema, "Mbona hivi vitu vimechakaa hivi?" Ukaendelea na simu yako, ukaondoka. Sikulaumu kwa kuuliza; asiyejua huuliza, na mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na jibu nilikuwa nalo. Ningekwambia vimechakaa kwa kupendwa. Lakini kwetu hapa, Mheshimiwa, swali la mkubwa halijibiwi. Linatekelezwa.

Na katika kutekeleza, Bwana Mkurugenzi hana mfano. Nasema kwa dhati. Bomba la karakana limenivujia juu ya benchi tangu mtangulizi wake, nimeomba, nimenung'unika, nimeweka ndoo, na ndoo bado ipo, mtakaotaka kuiona karibuni. Lakini swali moja lililoulizwa katikati ya simu likapata fundi, likapata rangi, likapata hata kitambaa hiki chekundu cha kufunikia.

Mimi wakati huo nilikuwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Mkurugenzi akanipigia simu, sauti tamu kama ya mposaji: "Fundi, pumzika kabisa. Usiguse kazi mpaka siku yako. Tunakuandalia zawadi." Nikamgeukia mke wangu nikamwambia, unaona, wanatuthamini hawa. Mke wangu akaguna. Ningeusikiliza mguno ule, leo ningekuwa nasema mengine.

Basi asubuhi hii nimefika mapema, miwani mpya, jicho jipya. Bwana Mkurugenzi akanishika mkono kama bwana harusi, akanileta mpaka kwenye meza hii, akainua ncha ya kitambaa. "Unaonaje, fundi? Si zimependeza? Mtu atadhani zimetoka dukani leo!" Ndugu zangu, nilitolewa mtoto wa jicho ili nione. Nimeona.

Dada, kaa kwanza. Usisimame, nakuomba. Zote zimepakwa rangi mpya. Zote. Na ya kwako imo.

Aliyezipaka ni fundi wa rangi za magari, mtu mzima mwenye heshima zake, amekaa pale karibu na mlango na hajagusa chai yake. Sitamwonea. Alinifuata karakana mwenyewe. "Mzee," akaniambia, "mimi niliagizwa zing'ae. Nikapiga msasa mpaka bati, nikapiga puti kila palipobonyea, ndipo nikapulizia."

Nikamuuliza, "Ile ya kijani, iliyolika paani?"

"Aa, ile ilinisumbua, mzee! Pale palikuwa pameharibika vibaya sana. Ndipo nilipoanzia."

Alisema kwa fahari ya kazi, na nilimwelewa. Ukimpelekea fundi wa magari gari lenye mkwaruzo, haulizi mkwaruzo huo una historia gani. Aliyetakiwa kujua tofauti ya gari na kumbukumbu ya mtu si yeye. Nilipomweleza ile alama ilikuwa ya nani, alikaa juu ya ndoo yangu akashika kichwa. Ni yeye peke yake, mpaka sasa, aliyeniambia pole.

Na ile ya kijani, dada, sasa ni nyekundu. Rangi ya kijani iliwaishia.

Haya, mseme basi kwamba angalau inatembea. Haitembei. Rangi imepenya kwenye meno ya mtambo ikakauka humo. Nimezijaribu asubuhi hii moja baada ya nyingine, hakuna hata moja inayosogea. Tuna jumba lililojaa treni nzuri za kupiga nazo picha. Afadhali hata ile keki ya treni pale mezani, yenyewe haijapigwa puti, na mtoto akiishika itaacha alama ya kidole.

Nasikia mtu huko nyuma ananong'ona, "Si wazibandue tu?" Ndugu yangu, rangi hubanduka. Lakini chini ya rangi utakutana na puti, na chini ya puti utakutana na bati lililosuguliwa upya, kama bati la sufuria yoyote. Dole la yule mtoto liliondoka na vumbi la msasa, na vumbi likafagiliwa, kwa sababu karakana ilitakiwa iwe safi kwa sherehe. Maji yakimwagika hayazoleki. Bwana Mkurugenzi ameniambia, "Fundi, mbona unakuza mambo? Ni treni ya kuchezea tu, nitaagiza kijani." Mtu mzima akikwambia hivyo ndani ya jumba la makumbusho, unamwanzia wapi?

Mlangoni petu pameandikwa "Ya kale ni dhahabu." Ni kweli pameandikwa. Kilichotokea ni kwamba dhahabu hiyo ilionekana haing'ai vya kutosha.

Utaniuliza, dada, kwa nini nakwambia haya mbele za watu, na wajukuu wako wamevaa nguo za sikukuu. Nilikwenda kwako asubuhi, nikakuta mlango umefungwa, jirani yako akasema umeshatoka, umewahi kwa furaha. Nikarudi mbio nikakukuta pale mlangoni. Ukanishika mkono ukaniambia, "Fundi, leo nitausikia mlio wake tena." Nikakwambia, "Karibu ndani." Mimi, fundi mzima, maneno niliyoyapata ni hayo tu: karibu ndani.

Nikamwendea Mkurugenzi nikamwambia mama huyu lazima aelezwe kabla ya chochote. Akanijibu kwa upole, hajawahi kukosa upole: "Tufunue kwanza, fundi, watu wapige makofi. Mama tutamweleza baadaye kwa utaratibu mzuri. Na pengine atafurahi." Ndipo nikaelewa kwamba wamekukalisha hapo mbele ili furaha yako ipigwe picha.

Naona Bwana Mkurugenzi anatazama saa. Namalizia, Bwana Mkurugenzi. Ulinipa nafasi ya kushukuru na bado nashukuru.

Nashukuru kwa kibao kipya mlangoni kinachosema ukumbi huu tangu leo unaitwa kwa jina langu. Naomba kitolewe. Jina lile ndilo lililotoa ahadi, na ahadi ni deni, na deni hili sina pa kulilipia. Msihangaike kutafuta mtu, bisibisi ninayo, nitakifungua mwenyewe wakati natoka.

Imebaki kitu kimoja. Wenzangu wa karakana wanaijua tabia yangu na wameicheka sana: siachi ufunguo ndani ya treni. Treni inalala kabatini, ufunguo unalala mfukoni mwangu, maana funguo za treni za watu hupotea kuliko kitu chochote hapa duniani. Nilipokwenda hospitali niliondoka na koti hili, na ndani ya koti ulikuwemo ufunguo wako. Ulikaa ukining'inia nyuma ya mlango wa wodi wakati huku msasa unafanya kazi. Haukusuguliwa, haukupakwa, haukuonwa na mtu. Upande mmoja umelika, pale vidole vyake vya mkono wa kulia vilipokuwa vikizungusha. Mkono wa kushoto wameufuta. Wa kulia huu hapa.

Sikwambii unatosha. Hautoshi. Ningekuwa na haya gani kukwambia unatosha?

Na kitambaa hiki, dada, kimefunika mali yako. Mwenye kuamua kivutwe au kisivutwe ni wewe, ratiba haina usemi hapo. Wewe niangalie tu. Ukiinamisha kichwa nitakivuta, uione, ukitikisa, nakiacha.

Nimekuona. Basi hakivutwi, na yeyote asikivute mpaka mama huyu awe ametoka mlangoni na wajukuu wake. Wapiga picha, shusheni kamera.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, asante kwa kuuliza. Siku nyingine, tafadhali, ngoja jibu. Bwana Mkurugenzi, ndoo ya karakana inajaa haraka wakati wa mvua, usiisahau. Wenzangu wa karakana, nimewaachia vifaa vyote mahali pake. Mama watoto, uliniambia nisiseme mengi, nimeshindwa, tutazungumza nyumbani. Nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza, ila naomba msipige makofi, sogezeni tu viti kidogo nipite.

Dada, kunjua mkono.

Pokea.