Unga Mweupe wa Mama Mpishi

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, walimu wangu, ndugu wazazi, wanafunzi wenzangu, na wewe Mama Mpishi unayetuaga leo baada ya miaka kumi na tisa jikoni: kabla ya pongezi, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Ile barua isiyo na jina, iliyosema Mama anaiba mafuta ya shule, niliiandika mimi.

Nilidhani nina ushahidi. Keki ya Ijumaa haikuacha doa la mafuta kwenye karatasi. Mchuzi haukung'aa. Na dirishani nilimwona Mama akimimina unga mweupe nisioujua. Nilichota kijiko kwa siri, nikautia kwenye kikombe cha maji; ukavimba, ukawa mzito kama gundi. Nani asingeshuku? Keki ilikuwa laini na tamu, nami nikaushuku hata ulimi wangu.

Mliona yaliyofuata. Mwezi mzima mkoba wa Mama ulimwagwa mezani pale getini. "Pekua vizuri, mwanangu," alimwambia mlinzi, "usije ukausahau mfuko wa miwani." Tukacheka. Madumu ya mafuta yaliyojaa stoo tulisema kayajaza maji. Alipoulizwa kuhusu unga alijibu, "Ni nyuzi za maganda ya machungwa. Zinashika maji, zinalainisha keki badala ya mafuta." Na kwa nini uache mafuta, Mama? Akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajiambia, nikazidi kushuku.

Wiki iliyopita mwenzangu wa dawati, ambaye ameniruhusu kusema, alinieleza kwamba nyongo yake haivumilii mafuta, na kwamba Mama alimwahidi kuitunza siri hiyo. Alipoomba apikiwe chakula chake kando, Mama alikataa: "Nikikupikia peke yako, utakula peke yako. Acha wote wale chako."

Niliutafuta unga ule katika vitabu vitatu vya maktaba. Je, ingenigharimu nini kugonga mlango wa jiko?

Mwalimu Mkuu, Mama hakukutwa na kosa, lakini hakuna aliyemsafishia jina. Naomba asafishwe leo, mbele ya watu hawahawa. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa.

Nilishuka jukwaani nikaenda kwa Mama Mpishi, nikapiga goti.

"Simama bwana, suruali hiyo itachafuka," akasema.

Nikasimama. Kisha nikaenda kukaa nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, kusubiri adhabu yangu.