Safu Niliyoichomeka Katikati

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Somanda! Nivumilieni kidogo, maana leo sitoki hapa mbele bila kulisema hili.

Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, nilipata kazi kwenye kampuni moja hapa Bariadi. Ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyejua kompyuta. Kiburi kilinivimbisha kichwa. Msicheke, mnanijua!

Tulikuwa na jedwali la wakulima: jina, kijiji, kilo za pamba safi, halafu kilo za fifi, ile pamba chafu. Bosi akaagiza niongeze safu ya kilo za mbegu tulizowagawia. Ndugu zangu, safu mpya ningeiweka mwishoni, basi! Mimi nikaona mwishoni haipendezi, nikaichomeka katikati, baada ya kijiji. Kumbe hesabu za vituo vyetu vya kununulia pamba ziliingia kwa mpangilio wa zamani, na kompyuta haikuangalia vichwa vya safu. Kilo za pamba safi zikaangukia kwenye mbegu, za fifi zikaangukia kwenye pamba safi.

Bosi akasoma karatasi: wakulima wa kituo cha Mwandoya wamechukua mbegu nyingi, pamba wameleta kidogo mno. Akasema Ngasa, karani wetu wa mizani kule, ameiuza pamba kwa kampuni nyingine. Akamwita aje akabidhi kazi.

Kosa nililiona siku ile ile. Nikanyamaza! Siku tatu sikula, sikulala.

Ngasa akafika asubuhi, amevaa shati lake la kanisani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu Kisukuma kwa upole, akiniita mama. "Wewe ndiye unayeijua hiyo mashine. Iulize tena. Mimi sijaiba."

Nikaomba kimoyomoyo: Yesu, nipe mdomo! Na akanipa, haleluya! Nikaingia kwa bosi, nikasema, "Ngasa hana kosa. Ni mimi." Nikaihamishia safu ile mwishoni, nikaingiza hesabu upya wote wawili wakiangalia. Pamba ya Mwandoya ikatokea yote.

Bosi alikasirika kweli. Aliniondoa kwenye kompyuta, nikapelekwa Mwandoya kushona magunia, msimamizi wangu Ngasa. Nikaenda! Nikala, nikalala usingizi.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye hofu ile. Nawe uliyekaa hapo, kama kuna mtu anabeba kosa lako, unamjua kwa jina. Mwamini Yesu, inuka leo hii ukamwambie. Ukiogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza mpaka mlangoni kwake.