Sarafu za Marehemu na Mteja wa Kiatu Kimoja

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu mzee karani, chini ya dirisha la sebule. Kibarazani pembeni ndipo binti yake anapochemsha kahawa, na sisi tunamwita Mama Kahawa. Mimi ni fundi viatu, jina langu la kazini ni Gundi, na nafasi yangu iko mwisho wa benchi kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kukaa hapo, wengine wote ni wahamiaji. Katikati hukaa Redio, fundi wa redio, ambaye chombo pekee alichoshindwa kukizima ni mdomo wake. Wa tatu ni Profesa. Huyu hajafundisha popote, alikuwa dereva wa basi la chuo, lakini kwa miaka ishirini aliwasikiliza walimu wakibishana kwenye viti vya nyuma, na anadai hiyo ni shahada tosha. Nayasema haya mapema kwa sababu siku ile tulishinda, na kuna watu mtaani wanausimulia ushindi wetu vibaya.

Ilikuwa saa nane mchana. Mama Kahawa alitoka ndani na sanduku dogo la mbao, akaliweka benchini kati ya Redio na Profesa, akabaki amesimama.

— Hebu nitazamieni hivi vitu. Saa kumi tuna kikao cha familia na kaka anataka tutie sahihi leo leo. Yeye achukue nyumba, mimi nichukue hizi.

— Nyumba ipi? nikauliza.

— Hiyo unayoiegemea.

Nikatoa mgongo ukutani.

Sandukuni mlikuwa na sarafu arobaini, za rangi ya dhahabu, kila moja ndani ya kijaluba chake cha plastiki na cheti chake kimekunjwa chini. Marehemu alizinunua kwa posta, moja moja, tangu siku aliyostaafu. Moja ilikuwa na tembo mwenye jicho la kijiwe chekundu. Nyingine, kwa mujibu wa cheti, inawaka gizani. Ya tatu ilitolewa kuadhimisha miaka mia moja ya mwavuli, sijui mwavuli wa nani. Mzee alikuwa akimwonyesha binti yake kila inapofika mpya na kumwambia, hizi ni zako, utakuja kuniambia ahsante nikiwa sipo.

Profesa akavaa miwani na kusoma cheti kwa sauti ya kutangaza matokeo.

— “Toleo adimu. Zimetengenezwa elfu tisini na tisa, mia tisa tisini na tisa pekee.” Mmesikia? Hawakufika laki. Walijizuia.

— Nani kaandika? nikauliza.

— Kampuni yenyewe iliyoziuza. Kuna anayeijua bidhaa kuliko mwenye bidhaa? Na bei hii hapa. Milioni mbili.

— Zote?

— Moja.

Redio akapiga mluzi.

— Basi hapa pana milioni themanini, alisema Redio. Mama, kaa chini. Tajiri hasimami.

— Hata kaka amepiga hesabu hiyo hiyo, alisema Mama Kahawa. Anasema nyumba haizidi milioni arobaini, kwa hiyo ananipa mara mbili ya fungu lake, kwa sababu mimi ndiye niliyemuuguza baba.

— Kaka mwenye moyo, alisema Profesa.

Mimi huyo kaka namfahamu na simpendi. Katika miaka mitatu ya ugonjwa wa baba yake alikuja mara mbili, na mara ya pili alikuja na futi ya kupimia kiwanja. Lakini milioni themanini ni milioni themanini, nikajikuta namwonea haya kwa kumfikiria vibaya.

Tukasema tuthibitishe kitaalamu, kila mtu kwa fani yake. Redio akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Hata hakuifikisha karibu, yule tembo akaruka na kunata, kwaa.

— Imenata, nikasema. Dhahabu hainati.

— Hiyo ya zamani, Gundi, alisema Redio. Ya siku hizi inanata. Simu za zamani zilikuwa zinapiga picha? Mambo yanakwenda mbele, wewe umebaki na soli zako.

— Kunata ni dalili ya nguvu, alisema Profesa. Ningekuwa mimi, nisingeitoa kwa chini ya milioni tatu.

Ikawa zamu yangu. Nikachukua sindano yangu kubwa ya kushonea soli, nikamkwaruza tembo matakoni, mahali pasipoonekana. Manjano yakatoka yote, chini pakawa pa kijivu. Hapo mtu mwenye akili zake angesimama. Mimi nilikwisha kunywa vikombe vitatu, na zaidi ya hapo nilitaka utajiri ule uwe wa kweli, nilitaka kwa moyo wangu wote, kwa sababu yule mama amehangaika mno. Nikasema kwa sauti ya fundi:

— Mmeona ujanja huo? Ndani wameifananisha na bati ili mwizi akikwaruza aitupe.

Benchi zima likanitazama kwa heshima. Tangu nikae pale sijawahi kuheshimiwa namna ile.

— Basi hiyo ni milioni tano, alisema Redio polepole.

— Ngojeni kwanza, alisema Profesa, ameileta sarafu puani. Pembeni hapa pana jina la nchi. Na mimi ramani naijua. Nchi hii haipo.

— Itakuwa ilizama, alisema Redio.

— Ikiwa ilizama, basi sarafu zake hazitengenezwi tena.

— Na mfalme wao yu hai, anazitafuta. Watu wa namna hiyo hawatumi mtu, wanakuja wenyewe, usiku, na gari lenye mapazia.

— Mimi nitamwendesha, alisema Profesa. Wafalme wanahitaji dereva mtulivu.

— Na huo mwavuli, nikasema, hamjiulizi kwa nini mwavuli? Hesabuni njiti zake. Ziko nane. Kila njiti inaelekeza mahali. Walipoona maji yanapanda, waliichora humo njia ya hazina.

Bei ilikuwa imefika milioni kumi kwa moja. Redio alikuwa amejiteua mlinzi wa sanduku, amelizungushia mkono, na Profesa anauliza kama sare yake itakuwa na vifungo vya shaba. Ndipo nilipogundua kwamba Mama Kahawa hacheki wala habishi. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu mikononi.

— Jamani, niambieni ukweli. Tangu jana nimeshindwa kulala. Nikisimama mule ndani nikasema hizi hazina kitu, nitakuwa nimesema baba yangu alikuwa mjinga, mbele ya ukoo mzima, na kaburi lake halijakauka. Siwezi. Afadhali nitie sahihi yaishe. Kahawa nitakwenda kuchemshia kwingine.

Kwingine wapi, hakusema. Ana watoto wawili wanaolala chumba cha mbele cha nyumba hiyo, na kahawa ndiyo inayowalisha. Profesa alitazama viatu vyake.

Sasa muda wote huo palikuwa na mteja wangu, mwanamke wa makamo, amekaa kwenye kigoda cha wateja, mguu mmoja una kiatu na mwingine umekanyaga kipande cha katoni. Kiatu chake cha pili kilikuwa mkononi mwangu tangu saa saba na nusu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupita mtaa wetu.

— Samahani, alisema. Mimi mgeni na mambo yenu siyajui. Kama hizi zina thamani mara mbili ya nyumba, kwa nini kaka yako hazitaki?

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Redio alifungua mdomo, na mbele ya macho yangu, hakikutoka kitu. Mimi nikapigilia msumari uliokuwa umekwisha kuingia. Watu watatu tuliojua habari za nchi zilizozama na njiti za miavuli tukageuka kumtazama Mama Kahawa.

Mama Kahawa akaanza kucheka. Kidogo kwanza, halafu akacheka hadi akashika ukuta, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu tumzike mzee. Akammiminia yule mwanamke kahawa, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili.

— Dada, swali lako nalikopa, alisema, akachukua sanduku lake akaingia ndani.

Hapa ndipo watu wanapoharibu hadithi. Wanasema aliyeshinda ni yule mwanamke. Nakubali, aliuliza yeye. Lakini alikuwa anasubiri kiatu kwa nani? Mimi ningekuwa fundi wa haraka haraka, saa nane kamili angekuwa amekwisha kwenda zake na swali lake.

Saa kumi kikao kikaanza. Sisi hatukusikiliza. Dirisha lilikuwa wazi na sauti zikatufuata tulipokaa. Aliyekuwa anaongoza ni baba yao mdogo, mzee wa maneno machache, na karatasi ya kutia sahihi ilikuwa mezani mbele yake. Mama Kahawa aliomba kusema.

— Baba mdogo, kabla sijashika kalamu. Kaka ni mkubwa wangu na ana watoto watano. Haifai mimi mdogo niondoke na milioni themanini, yeye abaki na arobaini. Naona haya. Naomba tubadilishane. Yeye achukue sarafu zote, mimi nitavumilia na nyumba.

— Maneno ya adabu hayo, alisema mzee. Wewe mwenzake unasemaje?

— Hapana, baba mdogo. Mimi nilikwisha kusema nampendelea dada.

— Amekataa kupendelewa. Pokea.

— Lakini baba alisema ni zake.

— Na yeye anakupa wewe. Unamkatalia mdogo wako?

— Mimi kwangu sina pa kuziweka.

— Sanduku lenyewe hili. Linaingia chini ya kitanda.

Nje, Redio alikuwa amenishika goti na analifinya. Ndani tulisikia kiti kikisukumwa nyuma.

— Yaani mimi niondoke hapa na mabati?

Kaka alijisikia mwenyewe alivyosema, na akakaa. Mzee aliichukua ile karatasi, tukasikia inachanwa, mara ya kwanza, halafu mara ya pili, bila haraka.

— Kumbe ulikuwa unajua, alisema mzee. Basi nyumba itagawanywa. Sebule, chumba cha mbele na kibaraza ni vya huyu aliyemuuguza ndugu yangu. Nyuma ni kwako. Na ukitaka kubisha, tubishane kuhusu hayo mabati uliyotaka kumpa.

Redio alipanda juu ya benchi. Profesa alinipa mkono, akampa yule mwanamke, akampa na mpita njia asiyejua chochote. Mimi niliegemea ukuta kwa mgongo wote, kwa raha, nikiwa nimeshika kiatu cha watu ambacho bado hakijaisha, na sikuona aibu hata kidogo. Tulikuwa tumeshinda, na mtaa mzima ulitusikia.

Kelele zilipopungua, sauti ya kaka ilitoka dirishani, ya mtu anayetafuta pa kushika.

— Na hili sanduku nalo? Nikalitupe wapi?

— Lete hapa, kaka, alisema Mama Kahawa. Baba hakukosea mtu wa kumwachia.